Mwenye Asilimia 49

Watawala wa Bangkok na wa Kinshasa hawakuwa na jambo la kuambiana, lakini vichwa vyao vilikwenda njia moja. Tarehe 24 Novemba 1972 serikali ya kijeshi ya Thailand ilitoa Tangazo namba 281, likitaja biashara ambazo mgeni haruhusiwi kuzishika. Mwaka mmoja na siku sita baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alilihutubia Baraza la Kutunga Sheria akatangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni sasa ni za Wazaire. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa Kampemba, Lubumbashi, navaa kaptula. Nani angeniambia kwamba matangazo hayo mawili yangekuja kulala kitanda kimoja nyumbani kwangu?

Lile la Mobutu niliona kazi yake. Mtaani kwetu, Bel-Air, kulikuwa na duka la Mgiriki: mafuta ya taa, sabuni, sardini, viberiti, vitambaa vichache. Mgiriki akaondoka, duka akakabidhiwa bwana mmoja aliyekuwa karibu na chama. Kwa muda mfupi mtaa ulifurahi sana, maana bwana yule aliuza kila kitu kwa bei ya kutupa. Kisha rafu zikaanza kuonyesha mbao zake. Papa, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli na hakuwa mtu wa siasa, alilieleza jambo lile jioni moja mezani: walimpa duka, hawakumpa mahali pa kununulia mali. Serikali ilipobadili nia mwaka 1976 na kuwaita wenye mali warudi, Mgiriki wetu hakurudi. Duka likawa ghala, ghala likawa kanisa la uamsho, na leo ni kanisa bado.

Miaka ya 1990 ilipofika, Lubumbashi nzima ilikuwa duka. Mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ulikuwa umeporomoka Septemba 1990. Gécamines, kampuni ya migodi ambayo baba zetu waliiita mama na baba, ilianza kuchelewesha mishahara, kisha ikasahau kuilipa. Oktoba 1991 mji uliporwa. Kisha ikaja aibu ile ya 1992 na 1993, Wakasai kufukuzwa Katanga, familia nzima zikilala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingojea behewa. Aliyekuwa na meza aliitoa mbele ya nyumba akapanga juu yake nyanya, chumvi, kapenta. Mwenye mtaji mdogo alikwenda mpakani Kasumbalesa, mwenye zaidi kidogo Johannesburg. Wachache tukasikia jina Bangkok.

Tulipita Ndola au Lusaka kwa barabara, kisha Nairobi au Addis Ababa, tukashuka Don Mueang tukiwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkononi, maana bila hicho Mkongo alirudishwa kando kabla ya mtu yeyote kutazama pasipoti yake. Kutoka uwanja wa ndege moja kwa moja Pratunam. Vijana wanaoagiza nguo kwa simu hawawezi kujua Pratunam ile ilikuwa nini: vichochoro vilivyofunikwa turubai, joto, harufu ya samaki wa kukaanga, na nguo zikining'inia mpaka anga haionekani. Hakuna aliyejua Kifaransa, sisi hatukujua Kithai, na Kiingereza cha pande zote mbili kiliishia kwenye namba. Tuliongea kwa mashini ya hesabu. Muuzaji anaandika bei, unafuta, unaandika yako, anacheka, anafuta. Bei ya nguo moja ni nyingine, ya nguo tatu ni nyingine, ya dazeni ni nyingine kabisa.

Kilichotufanya tuipende Bangkok si bei peke yake. Nyuma ya soko lile, kwenye nyumba za ghorofa, kulikuwa na mafundi cherehani waliokubali kushona dazeni mbili tatu tu za mtindo uutakao. Mteja wangu wa Kampemba si mwembamba, wala hataki kuwa mwembamba. Msichana mmoja wa kibandani alilielewa hilo kabla yangu. Alinitazama nikirudisha sketi moja baada ya nyingine, akachukua futi yake ya kushonea, akaitanua hewani mahali pa makalio, akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa, zaidi. Akatanua. Zaidi. Kibanda kizima kilicheka. Mzigo ule uliisha Lubumbashi upesi kuliko mwingine wowote niliowahi kubeba, na nikarudi kwa fundi huyo huyo, yaani kwa msichana huyo huyo.

Kwao ni mkoa wa Udon Thani, kaskazini-mashariki, nchi ya mpunga na ukame, ambako vijana huondoka kwenda Bangkok kama wetu walivyokuwa wakitoka Kasenga na Kasongo kuja mjini. Nilipopelekwa kwa wazazi wake niliona mama mkwe akisokota wali wa kunata kwa vidole na kuuchovya kwenye mboga, nikaona mkono wa mama yangu juu ya bukari, ugali wetu. Akaniletea sahani ya viwavi vya hariri vilivyokaangwa, akinitazama kwa ujanja, akingoja nikimbie. Mtu wa Katanga aliyelelewa kwa bifinkubala akimbie viwavi? Nilimaliza sahani. Mambo mengine ya posa yalikuwa mepesi kwa sababu na wao hutoza mahari: pesa na dhahabu zinawekwa kwenye sinia mbele ya wazee, zinahesabiwa, watu wanaona. Papa nilipomwandikia alijibu kwamba watu wanaodai mali ya binti yao ni watu wenye adabu. Sheria yetu ya familia ya 1987 yenyewe inasema hakuna ndoa bila mahari. Kwa hiyo wakwe zangu, bila kujua, walitimiza sheria ya Kongo.

Kazi ngumu ilikuwa karatasi. Cheti cha useja kilitoka kwenye ofisi ya komine ya Kampemba, kwa Kifaransa, na muhuri uliofifia. Kikatafsiriwa Kiingereza, kikatafsiriwa Kithai, kikapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kugongwa muhuri mwingine, kisha wilayani tukaandikishwa. Karani aliliandika jina la Kampemba kwa herufi zao, akalisoma kwa sauti, likatoka jina la mahali pengine kabisa.

Sasa duka. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa Tangazo namba 281, na baadaye mrithi wake, Sheria ya Biashara za Wageni ya 1999 iliyoanza kutumika Machi 2000. Kampuni ambayo nusu ya hisa zake au zaidi ni za wageni, kampuni hiyo ni mgeni. Na mgeni haruhusiwi kuuza rejareja bila kibali maalumu, isipokuwa awe na mtaji wa baht milioni 100. Mimi nilikuwa na mtaji wa kujaza mifuko michache. Njia iliyobaki ni ile ya kila mtu: mgeni asilimia 49, Wathai 51. Ila siku hizo kampuni ilitakiwa kuwa na wenye hisa 7. Mimi na mke wangu ni 2. Tukaita ukoo. Mama mkwe akawa mwenye hisa, na shemeji wawili, na mjomba mwenye shamba la mpunga, na rafiki wa mke wangu aliyeuza vifungo kibanda cha pili. Mjomba aliuliza kama hisa ni kitu cha kupandwa. Siku ya kutia sahihi tulipika, na mkutano mkuu wa kwanza wa kampuni ulifanyika tumekaa chini kwenye mkeka, wenye hisa wakila, mwenyekiti akiwa jikoni.

Lakini umiliki ni kitu kimoja, kazi ni kingine. Kibali cha kazi kwa mgeni kilidai kampuni iwe na mtaji wa baht milioni 2 na waajiriwa Wathai 4. Aliyeoa Mthai alipunguziwa nusu, milioni 1 na waajiriwa 2. Juu ya hapo, amri ya 1979 ilikuwa imetaja kazi 39 ambazo mgeni hazifanyi kabisa, na kati ya hizo ilikuwemo kusimama dukani kuuza. Yaani nilikuwa meneja wa duka ambalo sikuruhusiwa kumuuzia mtu soksi. Wateja wangu wote walitoka kwetu. Mama wa soko la Kenya, ile komine ya Lubumbashi, amesafiri siku mbili, anaingia, ananiona, anafurahi: "Papa, hii ni bei gani?" Nami namwonyesha mke wangu kwa kidevu. "Muulize mama." Walidhani ni mapenzi. Wakamwita Mama Bangkok, wakasema Mkongo yule amewekwa mfukoni. Sikuwaeleza amri ya 1979. Ingekuwa hadithi ndefu, na basi lao la mizigo lilikuwa likingoja.

Tulifanikiwa, na lazima niseme ukweli wa chanzo chake: tulifanikiwa kwa msiba wa watu. Mwaka 1997 Lubumbashi ilitekwa na waasi wa AFDL tarehe 9 Aprili, Zaire ikawa Kongo tarehe 17 Mei, na tarehe 2 Julai Thailand ikaiachia sarafu yake ielee. Dola moja iliyokuwa ikipata baht 25 ikaja kupata zaidi ya 50 mwanzoni mwa 1998. Wakwe zangu walilia, viwanda vikafungwa, majengo yakabaki mifupa. Sisi tuliokuja na dola za Katanga tulinunua mara mbili. Mafundi waliofukuzwa viwandani walikuja wenyewe kuomba kazi ya dazeni zetu. Mizigo ya haraka ilipanda ndege, mizito ilishuka bandari ya Laem Chabang, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha malori: Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa, karibu kilomita 2,000 za mashimo, foleni na maofisa.

Katika neema hiyo tukanunua kiwanja Udon. Mgeni hamiliki ardhi Thailand, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba hadi 1999 hata Mthai mwanamke aliyeolewa na mgeni alizuiwa kununua, kana kwamba amebeba ugeni wa mume mwilini. Sheria ilipolegezwa, sharti likawa kwamba mume na mke waende pamoja ofisi ya ardhi, na mume atie sahihi kwamba pesa zile ni za mke peke yake, si zake, si za wote wawili. Nilitia sahihi. Karani alikuwa mpole, akanipa na kalamu. Nilizijua pesa zile moja moja zilikotoka: ipi ya sketi, ipi ya suruali za watoto za Noeli. Mke wangu hakunitazama mpaka tulipotoka nje. Sioni kwamba alinidhulumu. Kiwanja kipo, nyumba ipo, mama yake alikufa humo akiwa amehifadhiwa vizuri. Lakini mwanamume wa kwetu aliyekwisha kuandika kwa mkono wake kwamba hana kitu hujihisi tofauti akikaa mezani.

Guangzhou ndiyo iliyotumaliza, na haikuhitaji vita. Baada ya msukosuko ule wa 1997 Waafrika wengi wa Bangkok na Jakarta walihamia Hong Kong, kisha Guangzhou, na wateja wakawafuata. China iliuza kila kitu, kuanzia sketi hadi jenereta. Katanga nayo ilikuwa imeamka: Kanuni ya Madini ya 2002 ilileta makampuni, wachimbaji wadogo walifukua heterogeniti, mawe ya kobalti, na pesa za haraka hazitaki kungoja fundi atanue sketi. Tukaamua kuuleta ujuzi wetu Kampemba. Cherehani kadhaa, mali ya Bangkok kwa jumla na rejareja, mke wangu akisimamia mitindo. Mimi niliwaza hivi: huko nilikuwa mgeni, kwetu ni kwetu.

Tulipofika kwa mshauri wa biashara akatoa karatasi. Amri-sheria namba 90-046 ya tarehe 8 Agosti 1990: biashara ndogo ni ya raia wa nchi. Mgeni haruhusiwi. Mke wangu alikuwa mgeni. Na Kanuni ya Familia ya 1987, kama ilivyokuwa wakati huo, ilisema mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria. Nilimtafsiria polepole, nikitafuta maneno laini. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Kwa hiyo hapa mimi ndiye wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Duka likaandikwa jina langu. Yeye akakaa nyuma kwenye cherehani, mimi nikasimama mbele, na wakija maofisa wa ukaguzi, ambao huja kwa zamu kila mmoja na kitabu chake cha risiti, aliingia ndani kama mimi nilivyokuwa nikirudi nyuma kule Pratunam. Watoto wa Bel-Air walimwita Mchina. Wamama wa jirani walimpenda, walimfundisha kupika sombe, wakamwita mama wa mtoto wake kama inavyotakiwa. Lakini mtu aliyekuwa akiendesha kampuni, akigombana na mafundi na kushinda, sasa alikuwa akiomba kwangu pesa za vocha. Nilizitoa bila neno. Hata hivyo aliomba, na nilijua ladha ya kuomba huko. Mama yake alipougua alirudi Udon, na safari ya kuuguza ikawa makazi. Hatukuachana. Tunaongea kila jioni, kwake ikiwa usiku tayari.

Najua mtu atasema sheria hizi zipo kumlinda mdogo. Nilitaka sana iwe hivyo. Zunguka Lubumbashi leo uhesabu maduka ya rejareja ambayo mwenye pesa ni mgeni na mwenye jina ni Mkongo aliyeazimwa. Zunguka Bangkok uone kinyume chake. Mgeni tajiri hununua jina, analilipa kila mwezi, mambo yanakwenda. Huko Thailand anayeazima jina na anayeazimwa wote wanaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini hadi baht milioni 1, na miaka hii ya karibuni serikali yao inawasaka kweli kweli. Ila wanaoumia kwa uhakika ni watu wa aina yetu, mume na mke wenye duka moja, ambao hawakutaka kumdanganya mtu. Kwa tajiri hizi ni gharama za biashara. Kwetu ziliingia chumbani.

Mengine yamebadilika, tena kwa uzuri. Tangu 2008 kampuni ya Thailand inahitaji wenye hisa 3, na tangu 2023 ni 2 tu, mjomba angepumzika. Visa ya ndoa bado inadai baht 400,000 benki au mapato ya 40,000 kwa mwezi, na kila siku 90 mgeni anaripoti alipo. Kwetu, Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, ofisi moja ya kuandikisha kampuni ikafunguliwa, na Julai 2016 Kanuni ya Familia ikarekebishwa: mke haombi tena ruhusa ya mume. Nilimpigia kumpa habari hiyo. Akasema amefurahi kwa ajili ya majirani.

Kibanda cha Pratunam sasa anacho binti yetu. Anapiga picha za nguo, anazituma kwa WhatsApp kwa wamama wa Kampemba, wanalipa kwa simu kwa mtu wetu hapa, mzigo unapanda ndege. Anajua kutanua sketi. Kiswahili chake ni cha Bel-Air kabisa, kina hata matusi yake. Kwa sheria ya Thailand, tangu marekebisho ya 1992, mtoto wa mama Mthai ni Mthai hata kama baba ni mgeni, kwa hiyo duka ni lake asilimia 100, ardhi ya Udon itakuwa yake, na hakuna karani atakayempa kalamu akane pesa zake. Mimi baba yake ni Mkongo, na sheria yetu ya 2004 inasema mtoto wa mzazi Mkongo ni Mkongo. Lakini Katiba ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Alipokuwa mtu mzima akachagua mahali alipo na mama yake. Kwa hiyo akija kunisalimia anaomba visa, na akitaka kuweka meza ya nguo mbele ya nyumba ya babu yake, sheria ya 1990 inamkataza.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais alisema Katiba yetu inahitaji kutazamwa upya, na tangu siku hiyo wakubwa wanabishana kuhusu muhula na madaraka. Sina la kuwaambia kuhusu muhula. Waheshimiwa wabunge, mkiifungua Katiba hiyo kwa sababu zenu, fungueni na ibara ya 10 kwa sababu zetu, na muirudie ile ya 1990 muandike ndani yake neno moja kuhusu mke, mume na watoto wa raia. Tuko wengi: Guangzhou, Bangkok, Dubai, Johannesburg. Na watoto wetu wana mali ya kuleta.